Notisi ya kupita taa nyekundu: nilipe nusu ya faini au nipinge?

Msafiri wa Jioni

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, kwa kuwa muda nilionao ni mfupi na kila ninayemuuliza ananipa jibu linalopingana na la mwenzake.

Juma lililopita nilipokea kwa posta notisi inayodai kwamba gari langu lilipita taa nyekundu. Ilikuwa jioni, giza limeanza kuingia na mvua inanyesha, kwenye makutano ninayoyapita karibu kila siku nikitoka kazini. Hakuna askari aliyenisimamisha. Ni kamera iliyopiga picha mbili. Ya kwanza inaonyesha magurudumu ya mbele yakiufikia mstari wa kusimamia huku taa nyekundu imeshawaka, na ya pili inalionyesha gari likiwa katikati ya makutano. Chini ya picha kuna mstari wa tarakimu ndogo ambazo nilizisoma mara tatu ndipo nikazielewa: mwendo kilomita 54 kwa saa, njano sekunde 3.0, nyekundu sekunde 0.3. Kikomo cha mwendo mahali pale ni kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo sidaiwi kwenda kasi.

Naikumbuka jioni ile kwa sababu ya lori lililokuwa nyuma yangu. Lilinikaribia kiasi kwamba taa zake zilijaa kwenye kioo changu cha ndani. Njano ilipowaka, mguu wangu ulitoka kwenye mafuta kuelekea breki, lakini macho yalipokutana na mwanga ule kwenye kioo niliurudisha mguu nikaendelea. Sikuongeza mwendo ili kuiwahi taa, niliogopa kugongwa.

Notisi inasema kwamba nikilipa ndani ya siku 14 nitalipa nusu ya faini. Nikitaka kupinga, nijibu kwa maandishi ndani ya siku 28, na nikishindwa nitadaiwa faini kamili pamoja na gharama za shauri. Kwa njia yoyote ile, kosa likithibitika ninaandikiwa alama tatu kwenye leseni, ambayo tayari ina alama za kosa la mwaka juzi, na kazi yangu inanilazimu kuendesha. Leo ni siku ya sita. Mke wangu anasema nilipe yaishe. Kaka yangu anasema nikilipa nimekubali kuonewa. Mimi nataka kujua mambo mawili tu: je, kulipa kunahesabiwa kuwa nimekiri kosa, na je, kuna maana yoyote ya kubishana na picha?

Usukani

Ndugu mleta mada, pole kwa usumbufu. Nitasema lisilopendwa: lipa. Picha inaonyesha taa nyekundu, gari ni lako, na wewe mwenyewe umeandika hapa kwamba ulipita. Piga hesabu ya siku utakazoomba ruhusa kazini, safari za kwenda na kurudi, saa za kusubiri jina lako liitwe, halafu ulinganishe na ile nusu unayoweza kulipa leo ukalala usingizi. Watu wengi hupinga kwa hasira na si kwa sababu wana la kuonyesha, na hasira haiingii kwenye jalada.

Jambo moja tu ndilo lingenifanya nisite, nalo ni zile alama. Faini hulipwa ikasahaulika, lakini alama hukaa kwenye leseni, na kampuni za bima huzitazama wakati wa kukokotoa ada ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo kabla hujalipa, jua una alama ngapi, za zamani zinafutika lini, na zikijumlishwa na hizi tatu unabakiwa na nafasi kiasi gani kabla ya leseni kusimamishwa. Kama nafasi ni kubwa, lipa. Kama imebaki kidogo, basi hesabu yangu ya juu inabadilika.

Karani Mstaafu

Mleta mada, nilikaa miaka mingi masjala ya mahakama, kwenye dawati la makosa ya barabarani, na swali lako nililisikia dirishani pangu karibu kila asubuhi. Nitajibu kwa urefu kidogo, uniwie radhi.

Kulipa, kwa kawaida, ni kukiri. Sheria za nchi hutofautiana, lakini mfumo wa faini za papo kwa papo umejengwa juu ya mapatano yaleyale karibu kila mahali: mamlaka inakupunguzia kiasi na usumbufu, nawe unaacha haki yako ya kusikilizwa. Ukishalipa, mlango unafungwa, na kuufungua tena ni kazi ngumu kuliko kupinga tangu mwanzo. Nimewaona watu wakilipa kwanza “ili wasichelewe” halafu wakaja na barua nzuri yenye hoja nzuri, na sikuwa na mahali pa kuipokelea. Kwa hiyo usilipe kwa kujihami huku ukidhani utapinga baadaye. Baya zaidi ya kulipa mapema ni kunyamaza: siku za punguzo zinapita, siku za kupinga zinapita, na faini inapanda kwa sababu tu bahasha ilikuwa juu ya kabati.

Haki ya kusikilizwa si ya wenye makosa makubwa peke yao. Mwaka 1984 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua shauri la Öztürk dhidi ya Ujerumani, lililotokana na dereva kugonga gari lililokuwa limeegeshwa. Serikali ilisema kosa lile limeshaondolewa kwenye sheria ya jinai na kubaki jambo la faini ya kiutawala, kwa hiyo dereva hakustahili mkalimani wa bure. Mahakama ilikataa. Ilisema kwamba kosa la barabarani, hata liwe dogo na hata likibadilishwa jina, bado ni shtaka, na mtu ana haki zake. Nalitaja shauri hilo kwa sababu nimechoka kusikia kwamba anayepinga faini ndogo anasumbua mahakama.

Sasa, kuwa na haki ya kusikilizwa si sawa na kuwa na hoja. Sisi masjala tulizoea kuyagawa maelezo ya madereva mafungu mawili bila hata kuyasoma hadi mwisho. Fungu la kwanza linagusa kosa lenyewe: gari si lile, aliyeendesha si yeye, alama ya barabarani haikuwepo au ilifunikwa na matawi, kifaa hakikuhakikiwa, taa ilikuwa na hitilafu. Fungu la pili linaeleza kwa nini kosa lilitendeka: nilikuwa nachelewa, wengine nao walipita, sikuona. Fungu la pili linaweza kukupunguzia adhabu ukimkuta hakimu mwenye subira, lakini halikufutii kosa. Lori lako, kwa bahati mbaya, liko kwenye fungu la pili, japo liko juu kabisa ya fungu hilo, kwa kuwa ni suala la usalama na si la haraka.

Usihangaike na makosa madogo ya uandishi. Herufi moja ya jina kukosewa au rangi ya gari kuandikwa “kijivu” badala ya “fedha” hurekebishwa palepale mbele ya hakimu, isipokuwa kosa hilo likifanya isijulikane ni gari gani au ni siku gani. Na ile imani kwamba shahidi asipotokea shauri linafutwa nayo ina ukweli nusu: mara nyingi linaahirishwa kwanza, nawe unarudi siku nyingine. Kwa kamera ndiyo kabisa, maana shahidi ni cheti cha kifaa.

Usijaribu pia kukaa kimya kuhusu aliyeendesha ukidhani picha ya nyuma haionyeshi sura. Sheria nyingi humtaka mwenye gari amtaje dereva, na kutomtaja huwa kosa la pekee. Mahakama ileile ya Ulaya, mwaka 2007, katika shauri la O’Halloran na Francis dhidi ya Uingereza, iliona kwamba wajibu huo hauvunji haki ya kunyamaza.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ningegeuza notisi nisome upande wa nyuma, penye maandishi madogo, kabla ya kuamua lolote. Tafuta mambo mawili: kama kuna hatua ya mapitio kabla ya mahakama, na kama ukiomba mapitio siku za punguzo zinasimama au zinaendelea kuhesabika. Jibu la hilo la pili ndilo litakaloamua mengi kuliko maoni yetu sote.

Mpima Barabara

Nakubaliana na mzee Karani, ila nadhani sote tumezipita tarakimu zilizo muhimu kuliko zote: njano sekunde 3.0. Kazi yangu inahusu barabara na taa, na nilipoiona namba hiyo pamoja na kikomo cha kilomita 60 nilichukua kalamu.

Muda wa njano haukisiwi. Kanuni inayotumiwa na wahandisi wengi inatokana na makala iliyochapishwa mwaka 1960 na Denos Gazis, Robert Herman na Alexei Maradudin. Inampa dereva sekunde 1 ya kuona na kuamua, halafu inamwongezea muda unaotokana na mwendo wake na kiasi cha breki ambacho mtu wa kawaida hupiga bila kumrusha abiria mbele, yaani mwendo kupungua kwa takriban mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwenye barabara tambarare yenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hesabu hiyo inatoa sekunde 3.7. Kwa kilomita 50 inatoa 3.3. Makutano yako yana 3.0.

Sasa tazama gari lako lenyewe, tukichukulia kwamba mwendo haukubadilika. Kilomita 54 kwa saa ni mita 15 kwa sekunde. Uliufikia mstari sekunde 0.3 baada ya nyekundu, maana yake sekunde 3.3 baada ya njano kuwaka. Njano ilipowaka, basi, ulikuwa mita 49.5 kutoka kwenye mstari. Ili usimame kwa breki ya kawaida ulihitaji mita 15 za kuamua na takriban mita 37 za kufunga breki, jumla 52. Hukuwa na mita 52. Ili upite kabla ya nyekundu ulihitaji sekunde 3.3. Hukuwa na sekunde 3.3. Wataalamu huliita eneo hilo eneo la mtanziko, mahali ambapo dereva hawezi kusimama kwa breki ya kawaida wala hawezi kupita kihalali, na halisababishwi na dereva bali na njano fupi. Kama barabara inateremka kuelekea kwenye taa, hali ni mbaya zaidi: kwa mteremko wa asilimia 4 na mwendo wako uleule, njano ilipaswa kukaribia sekunde 3.8. Hapo bado sijagusa mvua.

Anayedhani haya ni mambo ya kwenye karatasi tu na amtazame Mats Järlström wa Beaverton, katika jimbo la Oregon, Marekani. Mke wake alinaswa na kamera ya taa nyekundu mwaka 2013, naye mume, ambaye alisomea uhandisi wa elektroniki, akaanza kupima njano na kugundua kwamba kanuni ile haimfikirii dereva anayepunguza mwendo ili akate kona. Bodi ya wahandisi ya jimbo haikumshukuru. Ilimtoza faini ya dola 500 kwa kujiita mhandisi bila kusajiliwa. Alikwenda mahakamani, akashinda mwaka 2018, na mwaka 2020 taasisi ya wahandisi wa usafiri ya huko ilitoa mwongozo mpya wa njano unaozingatia magari yanayokata kona. Ilichukua miaka saba, lakini ilianzia kwenye bahasha kama yako.

Usukani

Mpima Barabara, hesabu yako ni safi, ila naona unamtia mwenzetu matumaini ambayo mahakama huenda isiyape. Anashtakiwa kwa kupita nyekundu, si kwa kupita njano. Mahakama nyingi haziulizi kama ulikusudia. Zinauliza taa ilikuwa rangi gani gari lilipovuka mstari. Tena breki uliyoipigia hesabu ni ya upole. Mwendesha mashtaka atasema gari zima lenye matairi mazuri linaweza kusimama ndani ya mita 40 kutoka mwendo ule, na atakuwa hajadanganya.

Mpima Barabara

Hilo la mita 40 ni kweli kwenye lami kavu, kwa breki ya nguvu na bila lori nyuma. Nakubali pia kwamba njano fupi peke yake haifuti kosa, isipokuwa pale ambapo sheria au mwongozo rasmi wa taa unaweka kiwango cha chini na makutano haya yako chini ya kiwango hicho. Ndiyo maana swali la kwanza la mleta mada linapaswa kuwa: mamlaka inayoendesha taa zile imejiwekea kiwango gani kwa mwendo wa kilomita 60? Kama kiwango chao wenyewe ni zaidi ya 3.0, hoja inaingia fungu la kwanza la mzee Karani. Kama ni 3.0 kamili, inabaki kuwa hoja ya kuomba huruma, ingawa ni huruma yenye hesabu.

Nyongeza moja. Mkataba wa Vienna wa Alama na Ishara za Barabarani wa mwaka 1968 unasema njano humzuia dereva kuvuka mstari isipokuwa pale anapokuwa karibu kiasi kwamba hawezi kusimama kwa usalama. Maneno hayo, “kwa usalama”, ndipo lori na mvua vinapopata mahali pa kukaa.

Mama Wawili

Naomba nami nitoe ushuhuda wangu, maana mimi nilipinga nikashindwa, na nilishindwa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilipigwa tochi kwenye barabara yenye kikomo cha kilomita 60, ikasoma 72. Niliona nimeonewa kwa sababu spidomita yangu nilikuwa nimeitazama sekunde chache kabla na ilikuwa kwenye 70. Nilijiandaa majuma mawili. Nilisoma habari za tochi, nikachora mchoro wa barabara kwa penseli za watoto, nikavaa vizuri. Hakimu aliponiambia nieleze, nikaanza kwa kujiamini: “Mheshimiwa, spidomita yangu ilikuwa 70, si 72.” Akainua kichwa akaniuliza kwa upole, “Na kikomo ni ngapi?” Nikajibu 60. Karani alikuwa ameshaanza kuandika kabla sijagundua nimesema nini. Mchoro wangu ulibaki kwenye mkoba.

Baadaye ndipo nikajifunza kwamba hata hoja niliyopewa na jirani, kwamba askari alikuwa amesimama pembeni kwa hiyo tochi ilinipima kwa mshazari, ingenimaliza kabisa. Tochi iliyosimama ikipima kwa mshazari husoma pungufu ya mwendo halisi, haizidishi. Kwa pembe ya nyuzi 10 inapoteza kama asilimia moja na nusu. Ningekuwa nimejitetea kwa kuthibitisha kwamba nilikwenda zaidi ya 72. Na ile spidomita niliyoitegemea, chini ya Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa, hairuhusiwi kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, bali inaruhusiwa kuonyesha zaidi kwa sehemu ya kumi pamoja na kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo 70 yangu ingeweza kuwa 60 ya kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu halisi, nami niliitupa kwa sentensi moja. Ningesema tu kwamba naomba kuona rekodi za uhakiki wa tochi na kuuliza ni gari gani hasa lilipimwa, kwa kuwa tulikuwa watatu tumefuatana. Tochi ya rada hutawanya mawimbi yake kwa upana wa barabara nzima na zaidi. Ile ya leza, umbali wa mita 300, hugusa eneo la upana wa kama mita moja, kwa hiyo inajua gari. Mimi hata sikuuliza ilikuwa ya aina gani.

Kaka, ukiamua kwenda, andika kwanza kila neno utakalosema, kisha ufute yale yanayokubali kosa. Sentensi yako ya “niliurudisha mguu nikaendelea” ni ya kweli na mimi nakuamini, lakini ukiianza nayo, hutafika kwenye sekunde 3.0.

Msafiri wa Jioni

Shikamoo mzee Karani, na ahsanteni nyote. Mama Wawili, nimecheka halafu nikanyamaza, kwa sababu barua niliyokuwa nimeiandika usiku ule ilianza hasa na sentensi hiyo.

Nimefanya mliyonielekeza. Upande wa nyuma wa notisi, kwenye aya ya nne yenye maandishi ya kusomwa kwa miwani, pameandikwa kwamba maombi ya mapitio yakipokelewa ndani ya siku 14 yanasimamisha siku za punguzo hadi jibu litolewe. Alama zangu za zamani zinafutika baada ya miezi mitano. Zikijumlishwa na hizi tatu bado leseni haisimamishwi, lakini ninabaki pembezoni kabisa.

Jana jioni nilirudi kwenye makutano nikasimama kwenye njia ya waenda kwa miguu nikarekodi taa kwa simu, mizunguko 12. Simu yangu hurekodi fremu 30 kwa sekunde, nami nilizihesabu moja moja: njano inakaa fremu 90, mara mbili ilikaa 91. Kwa hiyo 3.0 iliyoandikwa kwenye notisi ni sahihi, kamera haikukosea. Barabara kweli inateremka kuelekea kwenye taa, ingawa sina kifaa cha kupimia mteremko. Nikiwa pale niliona gari moja likifunga breki hadi likasimama juu ya mistari ya zebra, na lililokuwa nyuma likakwepa upande.

Swali langu la mwisho kwa mzee: hilo lori nilitaje au niliache?

Karani Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Litaje, lakini liwe la mwisho, na kwa sentensi mbili tu. Usiseme “niliogopa”, sema gari kubwa lilikuwa umbali mdogo nyuma na barabara ilikuwa na maji, na uombe picha za video za kamera zilizotangulia zile picha mbili. Kamera nyingi hurekodi sekunde kadhaa kabla na baada. Kama lori lipo kwenye video, mtu wa mapitio ataliona mwenyewe, na ni afadhali alione kuliko aambiwe. Kama halionekani, utakuwa umejua kabla ya kufika mbele ya hakimu.

Barua ianze na ombi la nyaraka tatu: kiwango rasmi cha muda wa njano kwa makutano yale, cheti cha uhakiki wa kamera cha karibuni kabla ya tarehe ya kosa, na video. Kisha weka hesabu ya Mpima Barabara kwa namba tupu, bila kuwafundisha kazi. Video ya simu yako itaje kuwa ipo, usiitume bado. Barua usiitume kwa posta tu, ipeleke mwenyewe, na usiondoke bila nakala yako kupigwa muhuri wenye tarehe. Nimeona hoja nzuri nyingi zikifa kwa sababu ya muhuri uliokosekana.

Usukani

Na wakikataa?

Msafiri wa Jioni

Kama watajibu kwamba kiwango chao rasmi ni sekunde 3.0, nitalipa nusu ndani ya siku zitakazokuwa zimebaki, nami nitakuwa nimefuata ushauri wako wa kwanza, Usukani. Kama kiwango chao ni zaidi ya hapo na bado wakakataa, nitaomba tarehe ya mahakama. Nimekwisha kumweleza mke wangu, naye amekubali kwa sharti kwamba nikifika huko nisizungumze zaidi ya dakika tano.

Barua nimeipeleka leo saa nne asubuhi. Karani wa dirishani aliisoma ukurasa wa kwanza wote kabla ya kuigonga muhuri, akaniuliza namba ya 52 niliipataje. Muhuri unasomeka tarehe ya leo, ambayo ni siku ya kumi na moja.